Waandaaji wa seti yetu, hizi kadi za wote zinatuulia mchezo!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha, kwa sababu jambo hili tumelisema kwa upole mara nyingi na halikusikika.

Awamu mpya ya kadi zetu za kujitengenezea za Vampire: The Eternal Struggle, mchezo wa karata wa vampaya, imetoka. Kadi za koo ni nzuri, hilo nalikubali bila kinyongo, na picha zimetulia. Tatizo ni lilelile la awamu iliyopita: kadi za wote, yaani zisizodai kipaji (nguvu maalumu ya vampaya) wala ukoo wala cheo, ambazo vampaya yeyote anazicheza. Hapo ndipo mlipoharibu, na mmeharibu vibaya kuliko mwanzo.

Chukueni Pazia la Usiku. Nainukuu ilivyo: vampaya yeyote, gharama hakuna, tendo linapata unyemelezi +1, na kama tendo lenyewe ni kunyonya hazina ya windo, unyonyaji nao unapanda +1. Kunyemelea ni kupita bila kuzuiwa; kunyonya ni kumpunguzia hazina, yaani uhai wake, windo lako, mchezaji unayemshambulia. Sharti hakuna. Aliyeipitisha kadi hii aliiweka mezani kweli, au aliisoma tu kwenye simu akasema imekaa vizuri?

Tupige hesabu pamoja. Kila mchezaji anaanza na hazina ya 30. Mimi natoa vampaya wanne wenye uwezo wa 3 kila mmoja (uwezo ndio bei yake kwa hazina), nimetumia 12, nimebakiwa na 18. Wewe uliye windo langu umeamua kucheza na wakubwa wawili wa 8, umetumia 16, umebakiwa na 14. Vampaya wangu wanne, kila mmoja akinyonya na Pazia moja, ni 2 mara 4, yaani 8 kwa zamu. Wako wawili, hata kama hawajafungwa (yaani hawajatumika bado), wanahitaji kadi ya kuwapandishia uzuiaji kabla hawajamgusa hata mmoja. Zamu mbili, 16, umetoka. Nachukua pointi yangu ya ushindi na hazina ya 6 juu yake, kisha namgeukia anayefuata. Sijatumia kipaji hata kimoja! Sijatumia tone la damu!

Na msiniambie kwamba siwezi kuwa na Pazia nne mkononi kwa wakati mmoja. Mkono ni kadi 7, na katika mchezo huu ukicheza kadi unavuta nyingine papo hapo, si mwisho wa zamu. Halafu hakuna kikomo cha nakala. Hili naona waandaaji wetu wengi mmelisahau kwa sababu mmetokea kwenye michezo ambayo mwisho ni nakala nne. Huku maktaba, rundo unalovutia kadi, ni kadi 60 hadi 90 na nikitaka naweka Pazia 30 humo, sheria inaniruhusu. Kwa hiyo ukiandika kadi ya wote, usijiulize itakuwaje mtu akiwa nayo moja. Jiulize itakuwaje akiwa nazo thelathini.

Hapa ndipo kiini cha malalamiko yangu kilipo, naomba msome taratibu. Kipaji si pambo. Kipaji kimelipiwa. Vampaya mwenye vipaji vya Obfuscate na Dominate vya ngazi ya juu huwa ni wa uwezo mkubwa, na uwezo huo nimeutoa kwenye hazina yangu, hazina ambayo ndiyo uhai wangu. Nikitoa 8 kumleta mtu mmoja, nimenunua haki ya kunyemelea na haki ya kunyonya kwa nguvu. Govern the Unaligned, kadi ambayo watu wanaiogopa tangu mchezo ulipoanza, kwa mwenye Dominate ya ngazi ya chini inampa +2 ya kunyonya bila unyemelezi wowote. Akitaka kupita bila kuzuiwa atafute mahali pengine. Nyinyi mmempa kila mtu unyemelezi na unyonyaji ndani ya kadi moja, bure. Sasa kwa nini nilipe 8? Nani mwenye akili zake atalipa 8?

Ndiyo maana nasema kadi ya wote ipimwe kwa vampaya mdogo kuliko wote, si kwa mkubwa. Mkubwa anazo njia zake tayari, Pazia kwake ni nyongeza tu. Mdogo ndiye anayeamka nayo kutoka kwenye udhaifu, na udhaifu huo ndio uliokuwa bei yake ya chini.

Kama hamniamini mimi, angalieni walikopita wenzetu. Magic: The Gathering, mchezo mwingine wa Richard Garfield aliyetubunia huu wetu, una kadi zisizo na rangi, ambazo deki ya rangi yoyote inaziweka, na kazi yake ni ileile ya kadi za wote. Mwaka 2004 mwezi Februari ilitoka Skullclamp. Bei yake ni 1. Kiumbe anayeivaa anapata nguvu +1 na uimara −1, na akifa mwenye kadi anavuta kadi mbili. Ukiisoma haraka utaona ile −1 ni hasara. Lakini mvishe kiumbe mdogo mwenye uimara wa 1: anakufa hapohapo, umevuta mbili kwa bei ya moja. Kila deki yenye viumbe wadogo iliitaka, za rangi zote. Mwezi Juni mwaka uleule ilipigwa marufuku katika Standard, mtindo wa mashindano wa kadi za karibuni. Ikaja Smuggler's Copter mwaka 2016, isiyo na rangi pia, bei 2, kila mtu akaiweka. Januari 2017 ikafungiwa. Hao ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wana wapimaji wa kila siku, na bado kadi ya wote iliwaponyoka. Sisi tunaopima Jumamosi moja ndio tuipitishe bila hata gharama ya tone moja?

Na mkitaka kuona jinsi inavyofanywa vizuri, msiende mbali. Fungueni kadi za mwanzo kabisa, za 1994, wakati mchezo bado unaitwa Jyhad. Wake with Evening's Freshness haidai kipaji. Inamwezesha vampaya aliyefungwa kuzuia na kucheza kadi za kujibu kana kwamba hajafungwa. Nguvu kubwa sana hiyo, kila deki ya ulinzi inaitamani. Bei yake si damu wala hazina. Bei yake ni kwamba ukishaicheza huvuti nyingine mpaka awamu yako ijayo ya kufungua. Mkono wako unabaki na pengo. Ukicheza ya pili, mapengo mawili. Anayeitumia kwa busara anaona bei ni ndogo, anayeitumia ovyo anajikuta na kadi nne mkononi huku mwindaji wake, yule anayemshambulia, bado ana vampaya watatu wa kunyonya. Mbunifu alijua hawezi kuzuia nakala, akatoza pale ambapo nakala zinauma. Kila nikiitazama kadi ile navutiwa upya.

Au Minion Tap. Ni kadi ya masta (anaicheza mchezaji mwenyewe, si vampaya), wote wanaicheza, inakurudishia hazina. Lakini inarudisha nini? Damu iliyo juu ya vampaya wako mwenyewe, damu uliyoilipa wewe ulipomtoa. Hakuna kinachotoka hewani. Vampaya anabaki mkavu na itabidi akawinde. Blood Doll vivyo hivyo, tone moja kwa zamu. Halafu zote mbili zinagombania tendo lile moja la masta ulilonalo kila zamu, hiyo nayo ni breki.

Linganisheni na Hazina ya Mababu yenu: kadi ya masta, chukua hazina 4 kutoka benki, na juu yake mmeandika kwamba ukiicheza unapata tendo jingine la masta. Yaani breki ya pekee iliyokuwepo mmeing'oa kwa makusudi! Damu haijatoka kwa mtu, haikulipiwa na mtu, imeshuka tu. Tulicheza nayo meza ya watano. Saa mbili zikaisha, watu wote watano bado wako hai, kila mmoja akachukua nusu pointi yake akaondoka. Nilikuwa na deki ya kura, inayoshambulia kwa kupigisha kura mezani, niliyoitengeneza kwa uangalifu mkubwa. Nilimshusha windo langu hadi 3, zamu iliyofuata alikuwa 11. Nikamshusha hadi 5, akarudi 9. Yule kaka aliyekuwa mwindaji wangu alinitazama akasema, "Mzee, hapa hatoki mtu leo." Na kweli hakutoka mtu.

Kadi ya uzuiaji mliyoiita Jicho la Mlinzi sina ugomvi nayo sana. Gharama ya damu 1 inamuuma mdogo kuliko mkubwa, kwa sababu mwenye uwezo wa 3 anatoa theluthi ya alichonacho. Hapo mlifikiri. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa kwa Pazia.

Nimeshasikia majibu yenu, nayajua kwa moyo. La kwanza: "Koo dhaifu zinahitaji msaada." Nakubali zinahitaji. Basi ziandikieni kadi zao! Ukiwapa wote kitu kilekile, aliye dhaifu anabaki dhaifu kwa umbali uleule, kasoro tu kwamba sasa kila deki inafanana. La pili: "Kama huipendi usiiweke." Mwindaji wangu ataiweka, na mimi ndiye ninayenyonywa, kwa hiyo kutoiweka kwangu kunanisaidia nini? La tatu, ndilo linaloniudhi kuliko yote: "Tuliijaribu, iko sawa." Mliijaribu watu wawili. Nimeuliza, nimeambiwa watu wawili, kwa sababu ilikuwa vigumu kukusanya meza. Jamani, huu ni mchezo wa watu wanne na watano. Windo liko kushoto, mwindaji yuko kulia, na wa ng'ambo, wasio windo lako wala mwindaji wako, ndio wanaosawazisha mambo. Mkiwa wawili, windo lako ndiye mwindaji wako. Hakuna wa ng'ambo, hakuna wa kupatana naye, hakuna anayenufaika na kifo cha jirani. Majaribio ya watu wawili hayaonyeshi lolote kuhusu kadi ya wote, kwa sababu madhara yake yanaonekana pale ambapo wanne kati ya watano wameiweka.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalitaja kwa haki: zile kadi mbili za wote za kupigana ni dhaifu mno, hakuna atakayezigusa. Lakini kadi dhaifu haimdhuru mtu, inakaa kwenye kasha. Delaying Tactics, kadi ya wote ya mchezo wenyewe, ni finyu, inajibu kura tu, na meza isipokuwa na mpiga kura inakuziba mkono usiku kucha. Ufinyu huo ndio bei. Afadhali mkosee upande huo.

Ninachotaka ni hiki. Pazia la Usiku iondolewe leo, isisubiri awamu ijayo. Ikirudi, irudi na unyemelezi peke yake, kwa damu 1, na isivutiwe mbadala mpaka awamu ya kufungua. Mkitaka sana ile +1 ya kunyonya ibaki, basi unyemelezi utoke, na kadi idai vampaya wa uwezo wa 6 kwenda juu. Hazina ya Mababu ipoteze lile tendo la ziada la masta na ichukue damu kutoka kwa vampaya wako, si benki. Na kabla kadi yoyote ya wote haijapitishwa tena, ikae kwenye meza ya watu watano, mmoja wao akiwa na deki ya vampaya wadogo watupu iliyojazwa nakala za kadi hiyo mpaka pomoni. Kiti hicho nakiomba mimi. Nitakuja na deki yangu, na nitawanyonya nyote bila huruma mpaka mkubali kuibadilisha.

Wahusika mnasoma hapa, nawaona. Jibuni.