Mfupa uliovunjika: utulie kabisa au usogee kidogo?

Mwanafizio: Wakuu, naomba ufafanuzi. Mfupa wa paja uliowekewa chuma cha ndani (fimbo inayopita katikati ya mfupa) hujenga uvimbe mkubwa wa mfupa mpya na kuunga vizuri. Mwingine una bamba la chuma na skrubu, ufa ni mwembamba mno, ila unagoma kuunga. Nilidhani msogeo ndio adui?

Fundi Mifupa: Usipime msogeo peke yake, mkuu. Ugawe kwa upana wa pengo. Tishu laini ya mwanzo huhimili kuvutwa hadi asilimia 100 ya urefu wake, gegedu kama 10, mfupa kama 2 tu. Msogeo wa 0.5 mm kwenye mvunjiko wa vipande vingi, wenye mapengo yanayofikia jumla ya 10 mm, ni asilimia 5: gegedu linaota, linakazana, kisha linageuka mfupa. Sasa chukua ufa wa 0.2 mm chini ya bamba lililolegea. Ukicheza 0.1 mm tu, hiyo ni asilimia 50! Hakuna seli ya mfupa itakayostahimili hapo. Ndiyo maana ufa mwembamba ama ubanwe kabisa, ama usiwekewe bamba la nusunusu. Bamba la nusunusu ndilo baya kuliko yote.

Mwanafizio: Kwa hiyo kukanyagia mguu mapema kunasaidia?

Fundi Mifupa: Kama chuma kinahimili, ndiyo. Mgandamizo wa kufuata urefu wa mfupa husaidia. Kusuguana kwa pembeni na kujizungusha huharibu.

Daktari wa Fremu: Naongeza kuhusu kurefusha mfupa, maana huko nguvu ndiyo dawa yenyewe. Baada ya kukata mfupa, subiri siku 5 hadi 7, kisha uvute kwa fremu iliyofungwa nje ya mguu, 0.25 mm kila saa 6, yaani 1 mm kwa siku. Ukienda 2 mm, mfupa mpya unakuwa hafifu na neva zinaumia. Ukienda 0.5 mm, mfupa unaweza kuunga kabla hujafika urefu unaotaka.

Halafu, mfupa ukigoma, tazama eksirei kwanza. Ncha zilizovimba na kutanuka maana yake damu ipo, kinachokosekana ni uthabiti: kaza chuma. Ncha nyembamba zisizo na mfupa mpya ni tatizo la uhai wa tishu. Hapo kukaza peke yake hakutoshi, fikiria kupandikiza mfupa, na usisahau kuchunguza maambukizi.