Laptopu ya ex-UK, Linux Mint 22: YouTube inakwamakwama, feni haitulii

Mkaazi_Umoja
Wadau, naomba ushauri. Mashine ni ex-UK, Core i5-4300U, RAM GB 8, SSD, kioo cha 1366x768. YouTube ya 1080p kwenye Firefox inarukaruka na prosesa inafika karibu 100%. Intaneti iko sawa, ule mstari wa kijivu huwa umeshajaa mbele. Kwenye `/etc/environment` kuna `LIBVA_DRIVER_NAME=iHD`, na `vainfo` (amri ya kukagua draiva ya video) inajibu `vaInitialize failed`. Nibadilishe draiva ama niuze tu?

Pipeline_254
Weka `intel-media-va-driver` ya karibuni (hiyo ndiyo iHD), boss. Itakubali.

Fundi_Luthuli
Haitakubali. Draiva hiyo inaanzia kizazi cha 5 cha prosesa za Intel, Broadwell. 4300U ni Haswell, kizazi cha 4, na draiva yake ni i965. Libva, maktaba inayochagua draiva ya video, ikiachwa huru hujaribu iHD, ikishindwa inageukia i965 yenyewe. Huo mstari wako ndio umeifungia mlango. Ufute, kisha:

`sudo apt install i965-va-driver vainfo mesa-utils intel-gpu-tools`

Toka kwenye akaunti, ingia tena, endesha `vainfo`. Tafuta `VAProfileH264High` yenye `VAEntrypointVLD` mbele yake. VLD ni kusimbua video, yaani kufungua video iliyobanwa ili ichezwe. EncSlice ni ya kurekodi, hiyo achana nayo.

Nyota_Ngara
Kabla ya yote aangalie `glxinfo -B`. Ikisema llvmpipe, kadi ya picha haitumiki kabisa, prosesa ndiyo inachora kila kitu, hata madirisha. Mara nyingi chanzo ni `nomodeset`, chaguo la kuwasha linalozuia draiva ya picha, iliyobaki baada ya kuinstoli. `cat /proc/cmdline` itakuonyesha. Ukiiona, itoe kwenye `/etc/default/grub`, piga `sudo update-grub`, zima uwashe.

Mkaazi_Umoja
Asanteni. glxinfo inasema HD Graphics 4400, nomodeset hakuna. vainfo sasa inatoa orodha na H264High VLD iko. Lakini YouTube bado inakwama!

Fundi_Luthuli
Nilitarajia. Bofya kulia juu ya video, fungua takwimu zake, usome mstari wa kodeki (njia iliyotumika kubana video). Ukiona vp09 (VP9) au av01 (AV1), hapo ndipo penye shida: Haswell haina sakiti ya kusimbua VP9 wala AV1, na hakuna draiva itakayoiongezea. Kazi yote inarudi kwa prosesa yenye kiini 2. Unataka avc1, yaani H.264.

Weka kiongezi cha Firefox kinachoitwa enhanced-h264ify, uzuie VP8, VP9 na AV1. Zuia na 60fps pia, ni fremu maradufu ya 30fps, na kazi maradufu. Kisha fungua `about:support`, utafute `HARDWARE_VIDEO_DECODING`, isome available. Video ikicheza, endesha `sudo intel_gpu_top`: mstari wa Video ukipanda juu ya sifuri, kadi inafanya kazi. Ukibaki 0%, prosesa bado ndiyo inayoumia, hata kama picha inaonekana laini.

Pipeline_254
Sawa, nimekubali kuhusu iHD. Ila H.264 inakula bando kuliko VP9 kwa ubora uleule, huyu jamaa ajue.

Nyota_Ngara
Kweli, lakini kioo chake ni cha mistari 768. 1080p hapo ni kulipia picha ambayo kioo kinaipunguza tena. Aweke 720p, bando na feni vyote vitapumua. Filamu zilizo kwenye diski afungulie mpv, programu ya kucheza video: `mpv --hwdec=auto-safe filamu.mkv`. Terminali ikiandika "Using hardware decoding (vaapi)" imeshika. Faili za HEVC (H.265) hazitashika, Haswell haizijui.

Mkaazi_Umoja
Kodeki sasa ni avc1, Video iko juu ya sifuri, prosesa imeshuka sana. Na nikitaka kubadilisha mashine baadaye?

Fundi_Luthuli
Kwa VP9, kizazi cha 7 kwenda juu. Usihadaike na cha 6, VP9 yake ni nusunusu. AV1 inaanzia cha 11. Ukiwa dukani soma namba ya prosesa mwenyewe: i5-7200U ni cha 7, i5-1135G7 ni cha 11. "i5" peke yake haikuambii kitu.