Sindano ya baridi yabisi na kipimo cha TB, vinahusiana kweli?

Mtoto_wa_Tandika: Wakuu heshima zenu. Bi mkubwa wangu ana miaka 58, baridi yabisi mwaka wa sita huu, asubuhi kufungua chupa ya chai hawezi mpaka saa nne hivi ndo vidole vinalegea. Methotreksati kameza weee, sasa daktari anataka aanze sindano ya adalimumabu, eti inazuia kitu kinaitwa TNF, ila kwanza eksirei ya kifua na kipimo cha TB. Mama kanuna, anasema yeye hakohoi, aliyeumwa TB ni marehemu mzee mwaka 2009 na alimaliza dozi akapona. Tunapigwa hela au?

Kibatari: Hampigwi mkuu. TNF ni saitokini, yani ujumbe ambao seli za kinga zinatumiana kuitana vitani, jeni yake iko kromosomu ya 6. Kwa mama huo ujumbe unamwagwa ovyo kwenye viungo ndo maana vinavimba, lakini ni huohuo unaoshikilia ukuta uliowazingira wadudu wa TB waliolala, sasa sindano ikiuzima huo ujumbe, ukuta unaweza kubomoka wakaamka. Infliximabu, ndugu yake hiyo sindano, iliruhusiwa Marekani 1998, kufika 2001 ikatoka ripoti ya watu 70 waliopata TB baada ya kuchomwa, na zaidi ya nusu TB ilikuwa nje ya mapafu.

Chausiku: Jini la kromosomu tena jamani 😂

Kibatari: JENI dada, jeni

Bamkwe: Tangawizi na mdalasini tu, achana na masindano

Nesi_mstaafu: Bamkwe tuache kidogo. Mwanangu, TB iliyolala haikohoi, na mama kaishi nyumba moja na mgonjwa, hiyo habari daktari aambiwe, watu wanaifichaga. Kama anameza na prednisoloni, ile dawa ya uvimbe inayoshusha kinga, aseme, maana kipimo cha TB cha ngozi kinaweza kudanganya. Wakiikuta atapewa dawa za kinga, isoniazidi miezi sita au zile za mara moja kwa wiki kwa wiki 12, sindano kwa kawaida inasubiri kama mwezi hivi. Wampime na ini, isoniazidi na methotreksati zote zinaligusa. Na friji mnayo? Hiyo dawa inakaa nyuzi 2 mpaka 8, msije mkaitupia kwenye friza na samaki.

Mtoto_wa_Tandika: Asanteni sana, friji ipo. Nimemsomea yote, kakaa kimya weee halafu anasema "kumbe baba yako bado hajamalizana na mimi". Jumatatu tunaenda.