Kihisi cha maikrowevu kinayumba kwenye chesisi, naomba ushauri

Kijana wa Keko: Wakuu, habari za jioni. Nimetengeneza kihisi cha kutafuta nyufa kwenye chuma: rezoneta (njia ya shaba inayotetema kwa masafa yake maalumu ya mawimbi) iliyochorwa kwenye bodi ya saketi, masafa yake gigahezi 2.4. Nikiipitisha juu ya bati la alumini nililolichanja kwa msumeno, masafa yanahama palepale penye mchanjo. Kwenye chesisi yanayumba kila mahali. Ninunue mashine kubwa ya kupimia? Nimekwama kabisa.

Babu Gereji: Gerezani sisi tunapuliza dawa nyekundu, tunafuta, tunapuliza ile nyeupe. Ufa unajichora wenyewe. Nilikamata ekseli moja hivyohivyo, tajiri akatulisha pilau gereji nzima.

Dada Mawimbi: Chesisi ya gari gani, mdogo wangu?

Kijana wa Keko: Tela tu, dada.

Dada Mawimbi: La kubeba nini?

Kijana wa Keko: Mafuta. Napima mshono wa kuchomelea wa hanga ya springi, kile kishikio cha springi kwenye chesisi. Linaondoka kesho kwenda Tunduma, na nimeshamwambia tajiri liko salama. Dawa inataka rangi ikwanguliwe, naye hataki. Maikrowevu inapita kwenye rangi, ndiyo maana nikaichagua. Sikubahatisha.

Mama Ushauri: Mafuta! Njiani kuna watoto wa watu. Mpigie sasa hivi.

Mbishi wa Tabata: Hii chai. Nani anamwachia kijana tela la mafuta? Maikrowevu naijua ya kupashia kiporo. Weka picha.

Dada Mawimbi: Mbishi, si chai. Mshono una vinundu, kihisi kinapanda na kushuka, na pengo dogo kama unene wa karatasi linaweza kuhamisha masafa kuliko ufa wenyewe. Mtunzi wa hadithi asingelijua hilo. Mdogo wangu, mashine kubwa haitakusaidia. Bandika plastiki nyembamba chini ya kihisi ili pengo lisibadilike, kisha kijaribu kwanza kwenye chuma cha aina ileile, chenye rangi ileile. Ila mawimbi hayo hayazami ndani ya chuma hata sehemu ya mia ya milimita. Ufa wa ndani au wa upande wa pili huuoni. Na ufa wa chuma kilichochoka ni mwembamba mno kuliko mchanjo wa msumeno.

Kijana wa Keko: Plastiki ninayo. Lakini tajiri ameshalipa nusu, dada.

Babu Gereji: Saa 11 alfajiri nipo Gerezani na makopo yangu. Lete tela, na tajiri umlete. Nitakwangua penye mshono tu, rangi nitamrudishia mwenyewe.