Somo la madini: Unguja niwaoneshe nini watoto?

mwalimu_kusini: Assalam alaykum jamani. Nasomesha darasa la sita huku Kusini Unguja, wiki ijayo nna somo la madini na matumizi yake. Kila nikitafuta mifano ni dhahabu ya Geita, almasi ya Mwadui, tanzanaiti ya Mererani, watoto wanakariri tu. Jana mmoja kanuliza "mwalimu, kwani sie Mungu hajatupa madini?" darasa zima likacheka na mie jibu sikuwa nalo. Nipeni vitu wavishike mkononi, pesa ya maabara hakuna.

fundi_chokaa: Unauliza madini na wewe umekalia maweni 😂 Jiwe la uwandani, yaani la matumbawe, karibu lote kalsiamu kaboneti. Likwaruze kwa msumari mpaka litoke unga, kamulia ndimu hapo hapo kwenye unga, utaona povu, ukitega sikio utasikia linachachatika. Kisha kamulia kwenye kigae cha chupa, kimya, maana chupa asili yake mchanga, silika. Halafu waulize bibi zao kwenye tambuu wanatia nini! Chokaa hiyo ni jiwe lilochomwa tanuuni kwa magogo, na ndo iloshikilia kuta za Mji Mkongwe. Siku hizi watu wanapiga plasta ya saruji juu ya kuta zile, unyevu unakosa pa kutokea, plasta inabanduka vipande vipande, nimeshabandua nyingi mie mwenyewe.

binti_wete: Na chumvi je? Nayo madini. Huku Pemba maji ya bahari yanaingizwa mashambani yanakaushwa na jua basi. Watoto watie maji ya bahari kwenye sahani waweke juani siku chache, vile vidonge vitavyobaki wavitazame kwa lenzi, vina pembe kama vijisanduku. Hapo hapo waeleze kwa nini ya dukani inatiwa madini joto (ayodini), habari ya kukinga rovu, ule uvimbe wa shingo.

msahihishaji: Msichanganye lakini, jiwe la matumbawe ni MWAMBA, madini yaliyomo ndo kalsaiti, hiyo kalsiamu kaboneti. Mtihani utawakamata hapo. Na bara msiiwache kabisa, penseli waliyoshika ndani yake kinywe (grafiti), na kinywe kipo Mahenge. Chaki yako mwalimu aghlabu ni jipsam.

fundi_chokaa: Sawa mkuu 🙏 Ila mwalimu, chokaa hai, ile ilotoka tanuuni haijatiwa maji, usiipeleke darasani hata kwa bahati mbaya, ikimwagiwa maji inachemka yenyewe. Mie ilinirukia jichoni nikiwa kijana, wiki nzima nimefungwa kitambaa.

mwalimu_kusini: Ahsanteni, chokaa hai nimeifuta. La ndimu nimelijaribu jana usiku uani, povu limetoka kweli! Tatizo mwanangu kalipenda, kazimaliza ndimu zote, leo samaki tumemla hivyo hivyo.