Tupeane uzoefu: kazi za mikono na kuuguza paka, mnavipangaje?

Mshona Kofia, Unguja

Assalaam alaykum wapendwa. Mie nashona kofia za mkono, hizi za viua, tangu niko skuli. Mama ndiye aliyenifunza. Nyumbani nina paka dume, Kidoti, ana miaka 12. Ramadhani iliyopita alianza kunywa maji kupita kiasi, akakonda mpaka mgongo ukawa kama msumeno. Daktari wa mifugo alimpima damu akaniambia figo zimechoka. Hazitarudi zilivyokuwa, lakini akisaidiwa anaweza kuishi vizuri kwa muda.

Msaada wenyewe ni dripu ya chini ya ngozi, mililita 100, leo ndiyo kesho siyo. Chakula anapewa kidogo kidogo, mara 4 au 5 kwa siku. Kila anapotoka kwenye sanduku la mchanga lazima nichungulie amefanya nini. Usiku wa manane anaamka na kulia kwa sauti nzito ambayo hakuwa nayo zamani, na mimi naamka naye.

Anayeijua kofia ya viua anajua haitaki mkono wa pupa. Unatoboa kijitundu, unakizungushia uzi, na kila mzunguko ukaze sawa na wenzake. Ukikatiza kiua katikati, ukirudi unakikuta kimelegea, na jicho la mvaaji litakiona. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, hakuna pa kuficha kosa. Nilikuwa nimeshapokea arubuni ya kofia ya bwana harusi. Wiki mbili za mwanzo za ugonjwa sikushona hata kiua kimoja, na nilishazitenga zile pesa nizirudishe.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba niliacha kuhesabu saa, nikahesabu viua. Zamani nilikuwa nakaa baada ya isha nashona mpaka saa 6 usiku bila kuinuka. Huo muda haupo tena na sijui kama utarudi. Ila mfuko wa dripu nauweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kumtundikia, maana maji ya baridi chini ya ngozi yanamuumiza. Ukisubiri upate joto unashona viua 4. Wakati wa dripu yenyewe sishiki kitu. Mkono mmoja kwenye sindano yake, mmoja kichwani kwake. Akimaliza ananinunia, anaingia uvunguni kama saa nzima. Saa hiyo ni yangu, viua 20. Usiku siwezi viua kwa sababu ya macho, basi nakata nyuzi, nazitunga kwenye sindano na kuzipanga kwenye kimto, asubuhi nikae dirishani nianze tu.

Nataka kusikia wenzangu. Wewe unayesuka, unayefuma, unayechonga, na una paka mgonjwa ndani, siku yako inakwendaje? Simulieni yaliyowakuta nyinyi wenyewe.

Msuka Ukili, Pemba

Wa alaykum salaam dada. Pole kwa Kidoti, Allah amjaalie nafuu.

Mimi nilikuwa na paka watatu wenye mafua kwa mara moja, mama na wanawe wawili. Tongotongo zimewagandisha macho, kamasi, na mama hali kabisa. Nilifikiri amekata tamaa, kumbe paka asiyesikia harufu hali. Pua ikiziba, chakula kwake ni kama kipande cha ubao. Nikawa napasha samaki moto mpaka harufu inatoka, namshikia karibu na pua, analamba kidogo. Siku ya tatu ndipo alipokula mwenyewe. Paka kukaa siku mbili tatu bila chakula si jambo la kungoja, ini lake linaharibika, hilo daktari alinisisitizia sana.

Ukili, huu msuko wa majani ya mkindu tunaoshonea mikeka, una fadhila moja ambayo kofia haina: unakwenda nao popote. Hautaki meza wala mwanga, vidole vinajua vyenyewe. Nilisuka nimekaa sakafuni mgongo ukutani, paka mapajani, chane za majani zimelala kwenye kitambaa kibichi zisikauke. Kila baada ya muda naweka ukili chini, nachukua pamba na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, nafuta macho sita, nanawa, narudi. Maji ya macho na maji ya chane ni vyombo viwili mbalimbali, tafadhalini, hasa kama chane umezitia rangi.

Siku 9 nilisuka pima 7. Kwa kawaida ningepata zaidi ya hapo, lakini mkeka ulioshonwa kwa ukili ule upo chumbani kwangu na sijauuza.

Mama Nyuzi, Dar es Salaam

Mimi nitaandika kwa urefu, mniwie radhi, kwa sababu kwangu kazi ya mikono ndiyo iliyomuuguza paka.

Nadarizi vitambaa vya kochi na mashuka. Mwaka jana jioni moja niliacha kazi kwenye kiti nikaenda jikoni kuangalia maharage. Kurudi, sindano haipo. Nikaitafuta chini ya kiti, kwenye zulia, kwenye gauni langu. Baadaye namwona Chausiku anajilamba mdomo, na pembeni ya ulimi kunaning'inia uzi mwekundu kama urefu wa kidole.

Mkono wangu ulikuwa tayari umeushika ule uzi niuvute. Namshukuru Mungu nilimpigia daktari kwanza. Alisema, "Mama, usivute." Ulimi wa paka una miba inayoelekea nyuma, uzi ukinasa pale hautoki, unakwenda ndani tu. Sehemu moja ya uzi ikikwama na nyingine ikaendelea kushuka, utumbo unajikunja kama kiuno cha suruali ya kamba unapoivuta, na uzi unaukata. Ukivuta kwa nje unafanya kazi ya msumeno.

Eksirei ikaonyesha sindano imekaa tumboni, nyeupe, imenyooka. Akafanyiwa upasuaji usiku uleule. Gharama yake niliilipa kwa vikoba na kwa kuuza seti mbili za mashuka niliyokuwa nimemwekea binti yangu.

Aliporudi nyumbani ndipo kazi ilipoanza. Wiki mbili asirukeruke, asilambe mshono. Kile kikola cha plastiki cha kuvaa shingoni alikikataa, akawa anarudi nyuma nyuma mpaka anagonga ukuta, anagoma kula. Basi nikachukua fulana ya mtoto iliyochakaa, nikampima kama ninavyompima mteja: shingo, kifua, urefu wa mgongo. Nikakata matundu ya miguu, mgongoni nikatia kamba za kufunga, nyuma nikaacha wazi aweze kujisaidia. Ya kwanza ilimbana kwapani, ya pili ikalegea akatoa mguu, ya tatu ilimkaa. Nilishona tano kwa jumla ili nyingine ikifuliwa nyingine iko mwilini. Kushona zile fulana ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mikono mwezi mzima, na sijawahi kushona kitu kwa makini kama kile.

Sasa sindano zangu zinakaa kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko. Nina sindano 12. Kabla ya kulala nazihesabu, zikiwa 11 hatulali. Dada wa Unguja, umesema unazitunga sindano usiku na kuzipanga kwenye kimto. Nakuomba kama dada yako, kimto hicho usiku kiingie kwenye kopo.

Mshona Kofia, Unguja

Mama Nyuzi, nimesoma huku mkono uko kifuani. Kimto kilikuwa dirishani usiku wote huu. Tangu leo kiko ndani ya kopo la maziwa. Ahsante sana.

Msusi wa Kiondo, Nairobi

Paka wangu ana kisukari. Insulini saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, kila siku, na lazima ale kwanza. Mwanzoni niliona nimefungwa: hakuna kwenda kwa dada yangu kulala, hakuna kuchelewa mjini. Lakini polepole zile saa mbili zimekuwa nguzo za siku. Akishadungwa sindano nakaa naye nusu saa nione yuko sawa, na kwenye nusu saa hiyo nasuka. Asubuhi nusu saa, jioni nusu saa. Tako la kiondo lilinichukua wiki moja, kuta zake wiki tano. Polepole kweli, lakini hakuna siku iliyopita bila mkonge kupita mkononi.

Kwenye kikapu changu cha kazi, kando ya nyuzi, kuna kichupa cha asali. Sukari ikishuka sana paka anayumba, analegea kama mlevi. Unampaka asali kwenye ufizi halafu unakimbia kwa daktari. Nimeitumia mara moja tu. Sikutaka kuwa naitafuta jikoni dakika ile.

Mfumaji, Morogoro

Habari zenu. Mimi nafuma sweta za watoto wachanga. Samahani naingiza swali katikati. Paka wangu tangu jana amelala tu, mwili unawaka moto, nikimgusa karibu na mkia anang'ata. Nina Panadol ndani, nimpe nusu kama ninavyompa mwanangu?

Mama Nyuzi, Dar es Salaam

USIMPE. Hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu, inageuka sumu, damu inashindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia na paka anakufa. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Kama umeshampa, ondoka sasa hivi uende kwa daktari na useme ukweli. Kama hujampa, mpeleke hivyohivyo. Maji mnyweshe akitaka mwenyewe.

Msuka Ukili, Pemba

Mwanangu, naongezea: huyo wako huenda ameng'atwa na mwenzake. Paka wakipigana, jeraha la jino linaziba juu na usaha unabaki ndani. Mpeleke.

Fundi Cherehani, Tanga

Ninyi wote mmepata namna. Nami niseme upande wangu, maana najua wako wanaosoma na mambo yao hayakwenda hivyo.

Paka wangu aliziba njia ya mkojo. Anaingia kwenye mchanga, anakaza, anatoka, anaingia tena, hakuna kitu. Nilidhani ni choo kigumu. Kwa paka dume hilo ni jambo la saa, wala si la siku. Nilimfikisha, wakamfungua, akarudi nyumbani. Baada ya wiki sita akaziba tena.

Kati ya hapo sikushona chochote. Nilikuwa na kazi ya kuunga vipande vya kanga kuwa shuka la kitanda, vipande 80 nimeshavikata. Niliviweka kwenye mfuko nikaufunga. Si kwamba muda haukuwepo, ulikuwepo, maana kukaa ukimwangalia paka kama amekojoa ni kukaa tu. Mikono ilikataa. Mara ya pili hakupona.

Nilikaa miezi minne bila kugusa cherehani na sioni kosa kwenye hilo. Mtu akiwa hapati muda, au anaupata na hauwezi, asijione mvivu. Mfuko niliufungua juzi tu, na mpaka sasa nimeunga vipande 6.

Mshona Kofia, Unguja

Pole sana ndugu yangu. Hili nalo nilikuwa nalihitaji, kwa sababu zile wiki mbili zangu za mwanzo nilizificha hata kwa dada zangu.

Mchongaji, Lamu

Salaam. Kwetu paka ni wengi kuliko watu, lakini huyu mmoja ni wangu, na ana pumu. Akikohoa anachutama shingo imenyooka mbele, kama anataka kutapika na hakitoki kitu.

Mimi ni mchonga milango na masanduku. Karakana yangu ilikuwa uani, na yeye kulala kwake ni juu ya rundo la mabaki ya mbao. Daktari aliniuliza kazi yangu nini, nikamjibu, akanyamaza kidogo. Vumbi la msasa na harufu ya vanishi ndivyo vilivyokuwa vikimkaba. Paka huyu amekaa nami miaka 7, siwezi kumfukuza uani kwake.

Nikaigawa kazi. Ya patasi naifanya nyumbani, maana patasi hutoa vipande, haitoi vumbi jingi. Msasa na vanishi naenda kuvifanyia kwa binamu yangu ng'ambo ya pili ya mtaa, Jumamosi na Jumapili. Kubeba mbao huko na kurudi nazo kumeniongezea gharama ya punda. Kuna jambo sikulitazamia: kwa kuwa msasa u mbali, nimekuwa nachonga safi zaidi kwa patasi ili kubaki na kidogo cha kusugua. Wateja wawili wameniambia maua yana makali mazuri siku hizi.

Mfumaji, Morogoro

Narudi kuwashukuru. Sikumpa Panadol. Lilikuwa jipu kweli, chini ya mkia, bibi wa Pemba ulisema sawa. Wamelipasua, wamemsafisha, amepewa dawa ya siku 7. Kwenye benchi pale tulisubiri tangu saa 3 mpaka saa 8 mchana. Nilikuwa na uzi kwenye mkoba nikafuma mikono yote miwili ya sweta. Mama mmoja aliyekuja na mbuzi wake ameiagiza.

Mshona Kofia, Unguja

Nawaletea habari za huku. Kidoti ameongezeka gramu 200. Daktari amesema tuendelee vivi hivi. Wale wenye harusi niliwaeleza ukweli kuhusu paka, na mama wa bwana harusi akaniambia na yeye alikuwa na wake, tukakaa kwenye simu kutwa nzima tukizungumza paka badala ya kofia. Wamekubali niwape duara la juu likiwa limekamilika na ukanda wa pembeni uwe na viua vichache kuliko tulivyopatana, na bei ishuke kidogo.

Zimebaki wiki 3 na viua kama 300. Leo si siku ya dripu. Kidoti amelala juu ya kile kitambaa nilichokuwa nataka kukikata, sindano zote ziko koponi, na mwanga wa dirishani bado upo mpaka alasiri.

Mwingine mwenye la kusimulia aendelee, nitakuwa nasoma kila mfuko ukiwa kwenye beseni.