Tupeane uzoefu: pambano la mieleka ya WWF (siku hizi WWE) ulilolitazama utotoni ukalirudia ukubwani

Mwana wa Kibokoni

Salaam wakubwa kwa wadogo. Juzi usingizi ulinipaa, nikashika simu, nikaitafuta ile Raw, kipindi cha WWF cha kila wiki, ya tarehe 4 Januari 1999, Mankind alipompokonya The Rock mkanda wa ubingwa. Nimeimaliza kwa mara ya kwanza maishani, na nimeisubiri miaka zaidi ya 25. Ngojeni niwape kisa chake.

Ami yangu alikuwa akiishi Uingereza, na kila akipata mtu wa kuja Mombasa alimpa kaseti mbili tatu za mieleka. Za Uingereza zilikubali kwenye deki yetu. Za Marekani zilitoka nyeusi na nyeupe, picha ikipanda juu kama mkwezi. Hii ya Mankind iliingia nyumbani wiki ya harusi ya binamu yangu. Kakangu akaitazama usiku peke yake, akasinzia, asubuhi akaizima palepale ilipofika na kuiacha juu ya deki.

Ijumaa baada ya swala sebule ikajaa watoto wa mtaa, viatu mlangoni havihesabiki. Mankind amemkaba Shane McMahon, anatishia kumvunja bega, babake Vince, mwenye WWF, hana budi kumpa pambano la mkanda lisilo na sheria. Kundi la DX upande wa Mankind, kundi la Corporation upande wa The Rock. Wanatwangana mpaka nje ya ulingo. Mara kioo kinapasuka, ule mlio unaoanza muziki wake wa kuingilia, na hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa nani anakuja. Mwanamieleka Stone Cold huyo, na kiti mkononi. The Rock chali. Mankind akalazwa juu yake, refa akaanza kupiga mkono chini, akifika tatu Mankind kashinda: moja, mbili...

Skrini ikajaa chenga. Zilipoondoka, alikuwa ni shangazi yangu, leso kiunoni, anacheza chakacha.

Kumbe mamangu alitaka kaseti ya kunakilia kupamba kwa bibi harusi, akaitia ile iliyokuwa karibu, hata kuirudisha nyuma hakuirudisha. Kile kijimeno cha plastiki cha mgongoni mwa kaseti hakuna aliyekivunja, basi deki ikakubali kurekodi. Nikashika rimoti niipeleke mbele. Kofi! Kaseti ya wanawake peke yao, wamevua mabuibui, vichwa wazi, na sebule imejaa wavulana. Tulitolewa nje sote, wengine wakasahau viatu. Kakangu, ambaye alikuwa amelala fofofo, akatuapia kwamba The Rock aliinua bega kabla ya tatu. Ubishi huo ulivunja urafiki wa watu Kibokoni.

Sasa nimeiona ile tatu. Pambano lenyewe, tusidanganyane, la kawaida tu. Kilichonitoa jasho ni kelele za ukumbi: kioo kikipasuka, watu wanalipuka hata sauti ya Michael Cole inazama. Halafu DX wanambeba Mankind mabegani, naye anawatajia wanawe ushindi wake, na ile barakoa ya ngozi imekaa upande.

Jambo jingine nililokuja kulijua baadaye: pambano hilo halikuwa la moja kwa moja. Lilirekodiwa tarehe 29 Desemba 1998 kule Worcester, Massachusetts. Wapinzani wa WWF, kampuni ya WCW, walikuwa hewani usiku ule wa tarehe 4 na kipindi chao cha Nitro, wakawatangazia watazamaji wao kwamba Mankind atashinda, kwa kejeli, wakidhani watawazuia. Wapi! Watu kwa maelfu wakabadilisha stesheni wakamwone. Nami nimejua matokeo tangu niko darasa la saba, na bado nilisimama kitandani mke wangu akaniuliza nina nini.

Haya, leteni zenu.

Dada wa Tudor

Mwaniona mwanamke mwaona sina kisa? Mimi nilikuwa Mankind wa nyumba yetu. Ile soksi yake, Mr. Socko, anayoivaa mkononi akakutia mdomoni, nilimfanyia mdogo wangu kwa soksi ya shule ya tangu Jumatatu, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Mwenzenu hakuigiza kuzimia kama wale wa kwenye runinga. Alining'ata. Kovu liko kidole cha kati mpaka leo, na mama alipomaliza kunifunga manjano alinipa haki yangu kwa kandambili.

Nimerudia lile la Juni 1998, mwanamieleka Undertaker anapomrusha Mankind kutoka juu ya kizimba, futi 16, mpaka juu ya meza ya watangazaji. Utotoni nililirudisha nyuma mara kumi nikicheka. Sasa nina watoto, nimeshindwa kulitazama mara moja.

Kioo Kimepasuka

Mimi sahani ikivunjika jikoni mpaka leo natazama mlango.

Wa Changamwe

Langu ni Kamala. Onyesho la SummerSlam la 1992, uwanja wa Wembley, Kamala na Undertaker. Tuliitazama kwenye banda la vidio lililokuwa karibu na wanapolaza malori, kiingilio shilingi tano. Sisi wote tulikuwa upande wa Kamala, maana ni jirani, Mganda, na mtangazaji kasema alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Dereva mmoja wa lori la Kampala, mtu mzima, kakaa nyuma na mhogo wake wa kukaanga. Akamtazama Kamala: uso rangi, tumbo limechorwa nyota na mwezi, miguu mitupu. Tukamuuliza, "Mzee, huyu ni wa kabila gani huko kwenu?" Akatafuna, akameza. "Walinzi wa Amin mimi niliwaona kwa macho yangu," akasema. "Walivaa viatu."

Banda zima likacheka, sisi watoto tukanuna. Miaka imepita ndipo nikajua jina lake James Harris, mtu wa Mississippi. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, akafariki 2020. Nimelirudia pambano na sikucheka. Bado niko upande wake.

Bin Majengo

Onyesho la Royal Rumble la Januari 1994. Yokozuna (naye Mjapani wa uongo, ni Msamoa) anapigania mkanda na Undertaker, na ushindi ni kumfungia mwenzako kwenye jeneza. Kundi zima likatoka nyuma kumsaidia Yokozuna, wakafungua ule mtungi wa Paul Bearer, meneja wa Undertaker, ambamo ilisemwa zimo nguvu zake, moshi wa kijani ukatoka, Undertaker akaisha nguvu. Wakamfungia. Kisha akaonekana kwenye skrini akizungumza kutoka ndani, na mwili ukapaa mpaka darini.

Nyanya yangu alikuwa akichambua mchele nyuma yetu. Aliacha ungo. Mimi nikidhani ataogopa majini, kumbe kilichomuuma ni kingine: "Wamemzika mzima, na bila sanda?" Jioni ile alichoma ubani nyumba nzima, akamwombea dua mtu wa Texas.

Nimelitazama tena mwaka huu. Anayepaa anavutwa kwa kamba, hata mtoto ataona. Na Undertaker alikuwa akiumwa mgongo tu, alihitaji kupumzika, akarudi SummerSlam Agosti mwaka huohuo. Nyanya alifurahi kweli alipomwona. Akauliza amefunguliwa na nani.

Mwana wa Kibokoni

Bin Majengo, umenimaliza na hiyo sanda.

Leo nimemwonyesha mamangu zile sekunde za mwisho kwenye simu. Akavaa miwani, akatazama mpaka ile tatu, akanirudishia simu. "Haya, na kaseti yangu ya harusi iko wapi?" Nimeitafuta, ninayo, ina ukungu kidogo. Aliye na deki inayofanya kazi hapa Mombasa aniambie, nitamleta mama mwenyewe, mimi nitangoja nje.